Kitanda cha Mlimani: nani alichagua?

Ukimuuliza mtu aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisoma nini, atakujibu kwa neno moja. Muulize alikaa holi gani, hapo vuta kiti kabisa. Atakutajia namba ya holi, ghorofa, mwenzake wa chumbani aliyekuwa akikoroma, na jinsi alivyokipata hicho kitanda. Historia ya chuo kile mara nyingi huandikwa kwa maprofesa na mijadala. Mimi naona unaweza kuiandika kwa vitanda pia, na swali la kuuliza ni moja: nani alikuwa na haki ya kuchagua?

Mwanzoni hapakuwa na cha kuchagua. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, mbali na kelele za Kariakoo. Umbali ule haukuwa wa bahati mbaya. Tangu 1945, Tume ya Asquith ilikuwa imeishauri serikali ya Uingereza kwamba vyuo vikuu vya makoloni viwe vya bweni, mwanafunzi alale hapohapo anaposoma. Ni fikra ya Oxford na Cambridge, ila huku ilikuja na nia ya ziada: kumtoa kijana kwao na kumfinyanga upya. Nchi ilipopata uhuru, fikra ilibaki, mfinyanzi akabadilika.

Makerere, ndugu mkubwa, mabweni yana majina: Livingstone, Mary Stuart, Northcote ambayo baadaye ikawa Nsibirwa. Kule mtu anakuwa wa holi fulani kama vile ni kabila, mpaka uzeeni. Dar walitumia namba. Holi namba 1, namba 2, namba 3. Wengine wanaona ni ukavu. Mimi naipenda namba, maana haimdai mtu utii kwa gavana wala kwa mke wa askofu. Lakini ni kweli pia kwamba namba ni lugha ya bohari. Unapangwa, hupangi.

Na anayekupanga anaweza kukupangua. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Tunakumbuka hotuba na mishahara, tunasahau upande wa vyumba. Kwenye chuo cha bweni, kumfukuza mtu darasani ni kumtoa pia kitandani na mezani kwa siku moja. Ndiyo maana neno "chuo kimefungwa", ambalo vizazi kadhaa vya Mlimani vililisikia, lilikuwa na uzito ambao mwanafunzi anayelala kwake hawezi kuuelewa. Mabegi nje, tafuteni mabasi ya mkoani.

Azimio la Musoma la 1974 likaleta sura nyingine. Lilitaka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, kwa hiyo ghafla "mwaka wa kwanza" akawa mtu mzima, pengine mwalimu au karani, pengine ana mke na watoto nyumbani. Mtu kama huyo unampaje kitanda cha futi tatu na mwenzake asiyemjua? Alipewa, na akalala.

Sasa tufike mahali pagumu. Mlimani kulikuwa na Punch, maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi, ikibandikwa kutani. Wapenzi wa fasihi huisifu kama fasihi ya ukutani, na ni kweli ilikuwa na makali dhidi ya wakubwa. Ila kufikia miaka ya 1980 makali yale yaliwageukia zaidi wanafunzi wa kike. Aliyechorwa alitengwa, na waliomsogelea nao wakaogopa kutengwa. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijiua baada ya kusumbuliwa. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, hakikunyamaza, na Punch ikapigwa marufuku. Kila nikisoma habari zile nafikiria ramani ya kilima: msichana analala pale, anakula pale, anasoma pale, na ukuta ni uleule. Sifa kuu ya bweni, kwamba kila kitu kipo karibu, ndiyo iliyokuwa mtego. Wanaoililia Punch leo kwenye kumbukumbu zao wangeanzia hapo.

Halafu ikaja miaka ya kuchangia gharama. Kabla ya hapo serikali ilimlipia mwanafunzi chumba na chakula. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo ukaanza kuhamia kwa wazazi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kuliko vitanda. Ndipo likashika kasi neno ninaloliona kuwa zuri kuliko yote ya Mlimani: kubebana. Mwenye kitanda anambeba asiyenacho. Wawili godoro moja, mzungu wa nne, mmoja kasajiliwa na mwingine hayupo kwenye karatasi yoyote. Utawala uliwaona ni wavunja sheria. Wenyewe waliona ni undugu, ingawa undugu huo una nongwa zake bumu likichelewa na sabuni ikiisha.

Mabibo ikaja, nje ya kampasi, na foleni zake za basi asubuhi. Aprili 2017 yakafunguliwa mabweni ya Magufuli: majengo 20, vitanda 3,840, shilingi bilioni 10. Desemba ileile picha za nyufa zikasambaa, wakala wa majengo ukasema ni maungio ya kutanuka. Watu walibishana wiki nzima kuhusu ukuta, wakati waliokosa nafasi walikuwa bado wanazunguka Sinza, Savei na Changanyikeni wakitafuta geto.

Hao ndio walioachiwa uchaguzi hasa. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dirisha lenye nondo au lisilo nazo, njia ya kurudi usiku kutoka maktaba. Msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Kigoma anapiga hesabu hizo akiwa na siku tatu jijini, begi likiwa kwa shangazi Mbagala.