Mfuko wa vifaranga: historia fupi ya sato na kirusi chake

Ufugaji wa samaki Geita au Shinyanga mara nyingi huanza na mfuko wa nailoni: maji kidogo, oksijeni na vifaranga wa sato. Mnunuzi anauinua juu kwenye mwanga, anaangalia kama wanaogelea vizuri, analipa. Je, kuogelea vizuri kunatosha? Tuulize historia.

Mwaka 1949 majaribio ya kufuga samaki kwenye mabwawa yalianza Korogwe, Tanga, na Malya, huku Usukumani. Mwaka 1967 serikali ikazindua kampeni ya kitaifa. Mabwawa mengi yalichimbwa miaka hiyo, lakini mengi yakaishia kuwa mashimo: mengine hayakushika maji, mengine yalikosa matunzo. Tukajifunza kuuliza habari za udongo na maji. Samaki wanatoka wapi? Hilo halikutusumbua sana. Na sato mwenyewe ni mgeni, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950.

Kuanzia 2009, huko Israeli, sato na ndugu zake walianza kufa kwa wingi, ziwani na mabwawani. Mwaka 2014 wanasayansi wakakitaja mhusika: kirusi kipya, TiLV. Baadaye kikaonekana Ekuado, Misri na Thailand, na mwaka 2017 FAO ikatoa tahadhari kwa dunia nzima.

Halafu zamu yetu. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Tanzania na Uganda, walichapisha matokeo ya vipimo vya sato 191 wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa ziwani. Vinasaba vya TiLV vilipatikana kwa samaki 28. Hapa ndipo penye kazi: samaki hao hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Kuwa na kirusi si lazima kuwe mlipuko, ila maana yake ni kwamba macho pekee hayawezi kukuambia mfuko una nini.

Kirusi hiki hakijulikani kuambukiza binadamu. Hasara yake ni ya mfukoni. Antibayotiki hazikiui, kwa hiyo usipoteze hela. Kinga ndiyo kila kitu:

- Nunua vifaranga kwa mzalishaji anayepima samaki wake, na uliza kabla ya kulipa.
- Wageni watenge kwanza, usiwachanganye na wa zamani siku hiyo hiyo.
- Wavu na ndoo za jirani zisiingie bwawani kwako kabla hazijaoshwa kwa dawa na kukauka.
- Ukivuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, kisha weka chokaa.
- Ukiona macho yenye ukungu, vidonda au vifo vya ghafla, mwite ofisa uvuvi. Waliokufa wafukie mbali na maji. Waliobaki usiwauze kama mbegu, wanaweza kuwa wamebeba kirusi.

Mabwawa mengi ya zamani yalikufa kwa kukosa maji au matunzo. Ya kwetu yana maji. Tusiyaue kwa mfuko ambao hatukuuliza ulikotoka.