Kutoka Chungu cha Sikukuu hadi Kikombe cha Altare



Wapendwa katika Kristo, kila inapokaribia Noeli, swali moja hurudi katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Bariadi: je, ni halali kwa Mkristo kutengeneza kileo chake nyumbani kwa ajili ya sikukuu? Na wale wapendao kuchimba zaidi huongeza la pili: ikiwa ni halali kukinywa mezani, mbona hakipandi altareni? Wiki hii tuyatazame maswali hayo mawili kwa njia ya historia.

Tuanzie mbali kidogo. Waingereza wana chakula chao cha Noeli, pudingi ya unga, mafuta ya mnyama, sukari, viungo na zabibu kavu nyingi, ambayo hupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Wako miongoni mwao waliogundua kwamba vitu hivyo, vikitolewa mafuta na kulowekwa katika maji pamoja na hamira, huchachuka na kuwa aina ya divai. Mgeni wa mambo hayo aweza kucheka: divai ya pudingi! Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kucheka. Jirani zetu wa magharibi ya Kenya hutengeneza busaa kwa kukanda unga wa mahindi, kuuacha uchachuke siku kadhaa, kuukaanga juu ya bati hadi ukauke, kisha kuutia maji na kimea cha wimbi. Basi ikiwa Mwingereza hunywa pudingi yake, sisi tumekunywa ugali wetu tangu zamani.

Hapa Usukumani mama zetu walifanya hivyo kwa mtama. Nafaka hulowekwa, hufunikwa mpaka ichipue, huanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji hupikwa na kuachwa upoe, kisha kimea hutiwa ndani. Baada ya saa chache uji mzito hulegea na kuwa mtamu, nao ni togwa, kinywaji cha watoto na wagonjwa. Ukiachwa siku mbili tatu zaidi, huwa pombe. Mama hao hawakusoma kemia, lakini kila hatua yao ina sababu. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kupika huufungua wanga huo. Na uji hupozwa kwanza kwa sababu moto mkali ungeviharibu vimeng'enya hivyo. Baadaye chachu huila sukari na kuacha kileo. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katikati ya karne ya 19, kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Bibi zetu waliwafuga viumbe hao ndani ya mitungi yao bila kuwaona.

Tugeukie sasa altare. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliondoka pwani kuelekea bara mwaka 1878. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1883, wakaanzisha misioni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza. Njia nzima waliikuta nchi ya mtama, uwele na wimbi. Kila kijiji kilikuwa na pombe yake, wala hakuna kilichokuwa na mzabibu. Divai ya Misa ilibidi ibebwe mabegani mwa wapagazi pamoja na unga wa ngano, miezi kwa miezi. Twaweza kuuliza kwa haki: kwa nini wasichukue kata ya pombe ya mtama, tunda la ardhi na kazi ya mikono ya watu wale wale waliowahubiria?

Swali hilo halikuanza Afrika. Katika karne ya 13 Wakristo wa Norwei, nchi ya baridi isiyozaa zabibu, walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 1237 Papa Gregori IX alimjibu Askofu Mkuu wa Nidaros kwamba pombe ya nafaka haiwezi kushika nafasi ya divai katika Ekaristi; na mwaka 1241 akamjibu tena kwamba haifai wala kwa kubatizia, bali maji peke yake. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ukaandika waziwazi kwamba maada ya Ekaristi ni mkate wa ngano na divai ya mzabibu. Kwa hiyo sheria hii haikutungwa ili kumdharau Mwafrika. Wazungu wenyewe waliambiwa hivyo karne nyingi kabla misioni hizi hazijafikiriwa.

Hata hivyo Kanisa halikufunga mlango pasipo busara. Mwaka 1706 Roma iliruhusu divai iliyotengenezwa kwa zabibu kavu, mradi kwa rangi na ladha itambulikane kuwa divai ya kweli. Ndugu zetu wa Kanisa la kale la Ethiopia wamefanya hivyo kwa vizazi vingi: huloweka zabibu kavu, huzikamua, na kupata kinywaji cha altare. Tena neno letu «zabibu» limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni hasa zabibu iliyokaushwa. Hapa ndipo mpaka unapoonekana vizuri. Zabibu kavu peke yake yaweza kufika altareni. Lakini zabibu ile ile ikichanganywa na unga, sukari na viungo vya pudingi, divai yake hubaki mezani. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Wapo wanateolojia wa Afrika waliolisumbukia jambo hili kwa moyo safi. Jean-Marc Éla, padre wa Kameruni aliyeishi na wakulima wa mtama kaskazini mwa nchi yake, aliuliza Ekaristi ya mkate na divai kutoka nje inamwambia nini maskini ambaye ghala lake ni tupu. Tusilitupe swali lake, hata tunapolishika fundisho la Kanisa. Jibu la Kanisa ni kwamba tunatumia mkate na divai kwa sababu Bwana alivitumia usiku ule wa Alhamisi, mahali fulani, wakati fulani wa historia, na ishara hiyo si yetu tuibadilishe. Lakini swali la ghala tupu linabaki kwetu sisi tunaokomunika.

Mungu naye ana namna yake ya kuandika historia. Ugogo, nchi kame ambayo misafara ya zamani iliivuka kwa hofu ya kiu, leo ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania. Wamisionari walipanda mizabibu huko Bihawana, karibu na Dodoma, kwa ajili ya divai ya Misa, na wakulima wakaipokea. Dodoma huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana katika nchi za baridi. Kilichobebwa mabegani kimeota mizizi.

Nayo mila yetu haikubaki nje ya kanisa. Huko Bujora, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliiunganisha sherehe ya ngoma za Wasukuma, Bulabo, na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Sikukuu hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni. Tazameni hekima iliyomo: ni wakati wa mavuno, ghala limejaa, mtu ana haki ya kucheza.

Ndipo narudi kwenye swali la kwanza. Wazee wetu walipika pombe baada ya mavuno, kwa kuwa pombe ilifuata ghala. Noeli imetukuta katika majira mengine: Desemba hapa Simiyu ni mwezi wa jembe na mbegu, na njaa huwa haiko mbali. Debe la mtama linalogeuzwa kimea mwezi huo ni mbegu ya shamba, au ni uji wa watoto wa mwezi wa Februari. Kileo cha nyumbani si dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, wala hakuwanyima watu divai. Dhambi ni baba kunywa ghala la familia yake kwa siku tatu, kisha mama kwenda kukopa unga kwa jirani. Na yule anayeipeleka pombe hiyo kwenye mtambo wa gongo huongeza hatari juu ya hasara, tena huvunja sheria ya nchi.

Nawashauri basi, ndugu zangu: kabla ya kuloweka nafaka ya sikukuu, mume na mke wafungue ghala pamoja na kupima kilichomo. Kikitosha hadi mavuno, na kuwe na mtungi, kwa kiasi. Kisipotosha, togwa inatosha kabisa kumshangilia Mtoto aliyezaliwa horini. Na siku ya Noeli tuleteni altareni, pamoja na vipaji vingine, kibaba cha mtama kwa ajili ya wale ambao ghala lao limekauka. Mtama huo hautageuka Damu ya Kristo, lakini utamfikia Kristo katika mwenye njaa.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu