Mchezo Penye Kilio

Usiku mmoja tulikuwa kwenye kilio huko Kadutu, mjini Bukavu. Moto uliwashwa uani, wanawake waliimba ndani, na vijana wawili, wajukuu wa marehemu, walikaa chini ya taa wakicheza dama kwa vifuniko vya chupa. Mzee mmoja akawaka kwa hasira: «Je, hii ni nyumba ya kuchezea?» Kisha akatugeukia: «Nawe, katekista, watazama tu?» Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumelitafuta.

Kwanza yafaa tujue mchezo ni kitu gani. Mholanzi mmoja, mwanahistoria Johan Huizinga, aliandika juu yake katika kitabu Homo Ludens cha mwaka 1938. Asema kwamba mchezo ni tendo la hiari. Una mahali pake na saa yake. Una sheria zake. Wala hautafuti faida ya mali. Anayelazimishwa hachezi, atumika tu. Naye anayekodolea macho fedha za mwenzake, huyo tangu zamani ameacha kucheza, hata kama karata zingali mkononi.

Lakini mbona mtu ajitwike taabu isiyo ya lazima? Tutazame mchezo wa wazee wetu. Jirani zetu Wanyarwanda wauita igisoro, Waganda omweso, na watu wa pwani bao. Ubao una safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Asiye na ubao huchimba mashimo udongoni, akaokota mbegu au vijiwe. Kila mmoja hupata kete 32, awe chifu au mchunga mbuzi. Hakuna kilichofichwa kama katika karata. Yote yako wazi, na anayeshindwa hana wa kumlaumu. Tena kete iliyotekwa haitupwi nje: huingia upande wa aliyeiteka, ikamtumikia. Kwa hiyo mtu aliyekaribia kushinda aweza kupinduliwa kwa zamu moja tu, kete zikipandwa shimo kwa shimo, na watazamaji wakipiga kelele kuliko wachezaji wenyewe. Hesabu zake si za mchezo! Sisi tuliofundishwa hesabu seminarini tumeshindwa mara nyingi na wazee wasiojua kusoma. Na bado twarudi, maana ugumu uliochaguliwa na mtu mwenyewe haumlemei kama mzigo wa kutwishwa.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza katika Summa yake kama yaweza kuwapo fadhila katika mchezo, akajibu kwamba iko. Atoa hadithi ya kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Naye akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mshale, na mwingine, na mwingine tena. Halafu akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema, ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyopumzishwa. Lakini Toma aweka mipaka: pasiwe na aibu wala madhara, mtu asijisahau kabisa, na mchezo upatane na mtu, wakati na mahali. Hapo mzee wetu wa Kadutu angetukamata vizuri: je, kilio ni wakati wake?

Jibu tulilikuta mbali, ng'ambo ya bahari. Katika biashara ya watumwa Waafrika walivushwa Atlantiki bila kitu mkononi. Mchezo wa mashimo haukuhitaji mzigo, ulisafiri kichwani. Mwanachuoni wa Marekani, Melville Herskovits, aliandika habari zake mwaka 1932. Huko Suriname, katika Amerika ya Kusini, wajukuu wa watumwa hao waliucheza katika nyumba ya kilio yenyewe, ili kuifurahisha roho ya marehemu aliyengoja kuzikwa.

Sisi Wakristu humwombea marehemu, hatumchezei. Lakini watu wale walijua jambo moja juu ya walio hai. Maneno ya kufariji huisha mapema, na usiku wa kilio ni mrefu. Asiye na la kufanya huenda zake, akawaacha wafiwa peke yao. Wale vijana wawili hawakuondoka. Kila mara mmoja aliposhindwa, walivikusanya vifuniko wakaanza upya, na katika nyumba ile hapakuwa na jambo lingine lililoweza kuanzwa upya.

Mzee hatukumshinda kwa maneno. Tuliwaomba vijana wapunguze sauti, wakapunguza. Rozari ilipoanza, mkubwa wao alivitia vifuniko mfukoni, wote wakapiga magoti. Baada ya litania vikatoka tena, na mzee yule, aliyekuwa ameketi karibu na taa, akauliza ilikuwa zamu ya nani.