Utunzaji wa pikipiki nyumbani katika ukanda wa miwa

MJI wa Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, umezungukwa na mashamba ya miwa. Wakati wa kiangazi matrekta ya miwa hutimua vumbi. Mvua inyeshapo, udongo mweusi wa mfinyanzi hunata magurudumuni. Kwa mwendeshaji anayesafiri hadi Kisumu kupitia Chemelil, Awasi na Ahero, vumbi na matope hayo huchakaza injini, mnyororo na breki. Kazi nyingi za kuvitunza zaweza kufanywa nyumbani.

Oili: Katika pikipiki nyingi za bodaboda, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyofanya klachi iteleze, hivyo inafaa kununua iliyo na alama ya JASO MA. Oili chafu humwagwa injini ikiwa imezimwa lakini ingali na joto kiasi.

Kichujio cha hewa: Cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, kikakaushwa na kupakwa oili kidogo. Cha karatasi hakioshwi. Petroli isitumiwe kuosha, kwani huweza kuzua moto. Kichujio kilichoraruka hupitisha vumbi hadi kwenye pistoni.

Mnyororo: Husafishwa na kutiwa oili, hasa baada ya mvua. Ukilegea mno huweza kuchomoka na kuzuia gurudumu ghafla. Ukikazwa mno huharibu beringi. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha pikipiki. Alama za pande zote mbili za gurudumu la nyuma sharti zilingane.

Breki: Hili ndilo jambo linalosahaulika. Gurudumu la nyuma likivutwa ili kukaza mnyororo, fimbo inayounganisha pedali na breki nayo hukazika, na breki yaweza kushika muda wote hata ikapata moto. Kwa hivyo kila mnyororo ukazwapo, breki hurekebishwa upya, gurudumu huzungushwa kwa mkono, na pikipiki hujaribiwa polepole kabla ya kubeba abiria. Viatu vya breki vikiisha, ni heri kumwachia fundi.

Oili chafu ihifadhiwe mtungini na kupelekwa gereji. Ikimwagwa mtaroni, mvua huisomba hadi Mto Nyando, na hatimaye Ziwa Victoria.