Baga ya Mjini, Nyama ya Mnadani

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, wageni kutoka Dar wanauliza swali lilelile: baga nzuri inapatikana wapi? Zipo, sikatai. Ila ukimuuliza mwenyeji pa kula nyama, atakwambia subiri Jumamosi uende Msalato, barabara ya Arusha.

Pale ni mnada wa mifugo. Huku ng'ombe na mbuzi wanauzwa, kule moshi wa majiko unakuita kabla hujauliza bei. Unachagua kipande, kinachomwa mbele ya macho yako, unakula na chumvi na pilipili.

Lakini minada ya Ugogo haikuanza kwa ajili yetu walaji. Kwa Mgogo ng'ombe alikuwa mahari, akiba na kinga ya njaa. Huwezi kumuuza hivi hivi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo ikagoma, ikaja ile njaa iitwayo Mtunya. Walionusurika wakasubiriwa na kodi ya kibanda, ambayo Mjerumani aliianzisha na Mwingereza akaiendeleza, ikidaiwa kwa fedha taslimu. Fedha mfugaji angeitoa wapi, kama si kwa kuuza ng'ombe?

Ukiwa Msalato, hebu inua macho kwenye sahani. Mtazame mzee aliyekwisha kuhesabu noti zake, bado amesimama, ng'ombe wake akiswagwa kwenda zake.