Mbwa hafi maji akiona ufuko

NDUGU msikilizaji, wazee wetu wa pwani walisema kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko. Walikuwa wakisema juu ya binadamu: mtu akiona mwisho wa taabu yake hupata nguvu ya kuendelea. Jioni hii nataka tuichukue methali hiyo kama ilivyo, tuizungumzie kwa mbwa mwenyewe. Nazungumzia jambo ambalo wengi wetu wa mijini huliona dogo, nalo ni kumleta nyumbani mtoto wa mbwa.

Mambo yenyewe huwa hivi. Wezi wamezidi mtaani, na baba mwenye nyumba ameamua kuwa anataka mbwa. Anaye shemeji yake Ulyankulu, kule mkoani Tabora, ambaye mbwa wake amezaa. Anamwagiza. Mtoto wa mbwa anatiwa ndani ya katoni, katoni inafungwa kamba na kutobolewa matundu mawili matatu, inapakiwa kwenye basi la kwenda Tabora mjini, na kutoka hapo safari nyingine ndefu inaanza. Anapofikishwa mlangoni, akiwa ametapika na kutetemeka, ndipo maswali yanapoanza: Atalala wapi? Atakula nini? Nani atamwangalia? Maswali yote haya yanaulizwa wakati mgeni keshafika. Baada ya wiki tatu mbwa yule amekufa, au amefunguliwa akazurure jaani.

Hapo utasikia watu wakisema kuwa mbwa wa siku hizi hawana maisha. Ndugu zangu, tusiwasingizie mbwa. Hebu turudi nyuma kidogo katika historia ya njia ile ile anayopita mbwa wetu katika katoni.

Ulyankulu iko kaskazini magharibi ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Kaliua ya leo. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa sababu ya makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yaliyofunguliwa mwaka 1972. Lakini karne moja kabla ya hapo, Ulyankulu ilikuwa ndani ya himaya ya Mtemi Mirambo, na misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa haiwezi kupita upande ule bila ya kumfikiria yeye kwanza. Mbwa wengi walipita katika njia hiyo. Waliokuwa wa wapagazi na wa wakulima hawakuandikwa na mtu. Walioandikwa ni wale wa wazungu, kwa kuwa mabwana zao walikuwa na madaftari. Nitawataja watatu tu.

Wa kwanza ni Omar, mbwa wa ulinzi wa Henry Morton Stanley katika safari yake ya mwaka 1871 ya kumtafuta Dk. David Livingstone. Stanley alimtegemea alinde mahema yake usiku. Omar aliugua tumbo akafa wakati msafara uko ukingoni mwa Ugogo, yaani kabla hata ya kuingia katika nchi ambayo bwana wake alidhani ndiko angemhitaji zaidi. Hakuiona Tabora.

Wa pili ni Chitane, mbwa mdogo wa Livingstone mwenyewe. Huyu alikuwa na tabia ya ajabu. Msafara ulipokuwa ukienda, alikimbia mbele kumwona mtu wa kwanza, halafu akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho ili ajikaze. Wakipiga kambi, akishajua kibanda cha bwana wake, hakumruhusu mbwa wa kijiji kukisogelea, na yeye mwenyewe hakuwa mwizi. Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, walifika kwenye bwawa lenye upana wa kama maili moja na maji ya kufika kiunoni. Livingstone alitangulia. Alivuka akasahau kutoa agizo juu ya Chitane. Watu kila mmoja alikuwa akihangaika na mzigo wake na nafsi yake, na hakuna aliyemwangalia. Chitane aliogelea akiwafuata hadi nguvu zikamwishia, akazama. Ufuko ulikuwa mbali mno kwake.

Angalieni jambo hili, ndugu wasikilizaji. Livingstone alimpenda mbwa yule, na aliandika habari za kifo chake kwa uchungu. Kilichokosekana ni agizo moja tu, la kumwambia mtu mmoja: wewe utambeba Chitane. Wala hilo halikuwa pengo pekee katika mwezi ule, kwa maana siku chache baadaye sanduku la dawa nalo lilipotea mikononi mwa watu waliotoroka, na mzee yule akasema moyoni kuwa amekwisha hukumiwa kufa.

Wa tatu ni Bull. Stanley alipoondoka Uingereza mwaka 1874 kwa safari yake ya pili alichukua mbwa watano. Mmoja baada ya mwingine walikufa. Hadi Aprili 1876, msafara ulipokuwa ukishuka kutoka Karagwe kuelekea Unyamwezi, alikuwa amebaki Bull peke yake, mzee, aliyekwisha kutembea karibu maili 1,500 kwa miguu yake. Siku ya mwisho alikuwa akiyumba na kuguna, lakini aling'ang'ania kuwafuata wabeba bunduki ambao alizoea kutembea nyuma yao. Mwishowe alilala katikati ya njia na kufa huku macho yakitazama kule walikokwenda wenzake. Mwezi huo huo, Stanley alikutana na Mirambo mahali paitwapo Serombo, wakachanjiana na kuwa ndugu wa damu. Bull hakuwahi.

Sasa tuwatazame wenyeji wa njia hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kama kilo 30, na juu yake mkeka na chungu chake, kutoka bara hadi pwani, kiasi cha kilomita 800 na zaidi. Hakuamka asubuhi akaondoka tu. Safari ilipangwa kufuatana na majira ya kilimo. Kirangozi aliyetangulia alijua kisima kiko wapi, posho itapatikana kwa nani, na jua likielekea kutua watapiga boma la miiba mahali gani. Kituo cha usiku kilifikiriwa kabla mzigo haujapanda begani. Hiyo ndiyo elimu iliyowafanya Wanyamwezi wasifiwe kuwa mabingwa wa safari, na ndiyo elimu ninayosema tuitumie kwa mtoto wa mbwa.

Tena kuna adui ambaye mabwana wa mbwa wale hawakumjua kwa undani. Misitu ya miombo ya Unyamwezi ni nchi ya mbung'o, na mbung'o huleta nagana kwa wanyama na malale kwa watu. Mwaka 1895, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce, akiwa kilimani huko Zululand ambako hakuna mbung'o, alipeleka farasi na mbwa bondeni kwenye mbung'o, kisha akapima damu yao. Akakuta vimelea vidogo vikichezacheza ndani yake. Ndipo ilipojulikana kuwa mbwa hafi kwa uchawi wala kwa uchovu wa njia peke yake. Mbwa akipata ugonjwa huo hupandwa na homa, hukonda, na mara nyingi macho yake hufunikwa na ukungu mweupe. Ukimtoa mbwa katika sehemu zenye mbung'o ukamwona na dalili hizo, usingoje apone mwenyewe. Mwite daktari wa mifugo, kwa kuwa dawa ipo.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni kichaa cha mbwa. Huyu hamuui mbwa peke yake, humuua na mtoto wako. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja kijana Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa, dunia inayo njia ya kumwokoa mtu aliyeumwa. Hata hivyo inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, hakuna tiba ya kuaminika.

Hapa ndipo watu wa mijini tunapofanya kosa. Mtoto wa mbwa hucheza kwa meno. Anamng'ata mtoto kidogo kidoleni, damu inatoka tone moja, mama anacheka na kusema bado mdogo huyu. Ndugu zangu, mtoto wa mbwa naye huweza kuwa na kichaa. Jeraha la namna hiyo, likiwa limetoka kwa mbwa asiyechanjwa, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunao mfano wetu wenyewe. Kisiwani Pemba, chanjo za mbwa zilizorudiwa ziliufuta ugonjwa huu ikafika mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Ulirudi kwa njia gani? Kwa mbwa walioingizwa kisiwani na watu kutoka nje. Ikabidi kazi ianze upya, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ukaondolewa tena. Kisiwa kizima kilitaabika kwa sababu ya mbwa walioletwa nyumbani bila maandalizi.

Basi tufanye nini? Kwanza, usimwagize mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma manane. Mdogo kuliko huyo bado anahitaji maziwa ya mama yake, na kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kutong'ata kwa nguvu.

Pili, mwambie shemeji wa Ulyankulu amwone ofisa mifugo kabla ya safari. Ampe mbwa dawa ya minyoo, aulize kuhusu chanjo ya kichaa na ya magonjwa mengine, na aulize pia kibali cha kumsafirisha. Zamani tuliambiwa chanjo ya kichaa isubiri hadi miezi mitatu. Siku hizi katika kampeni za chanjo hata wadogo huchanjwa. Mirambo na Stanley walichanjiana ili wasidhuriane. Na sisi tumchanje mbwa ili asitudhuru.

Tatu, banda litangulie. Liwe na sakafu iliyoinuka, paa lisilovuja, kivuli mchana, na chombo cha maji kisichopinduka. Ua uzibwe matundu. Kama katika uwanja huo alikwisha kufa mtoto mwingine wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, mwulize daktari kwanza, maana virusi vya parvo, vilivyotambuliwa katika miaka ya 1970, hukaa ardhini kwa miezi mingi vikimngoja mwingine.

Nne, uliza alikuwa anakula nini kule alikotoka. Kama alizoea uji na dagaa, mpe uji na dagaa wiki ya kwanza, halafu ubadilishe polepole. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Omba na kipande cha tambara alilolalia na mama yake. Usiku wa kwanza atalia, na harufu ile itamtuliza kuliko kipigo.

Tano, kwa nyumba za Kiislamu na kwa majirani Waislamu, mpangilio uwe wa heshima. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda hakukatazwa, lakini mambo ya najisi yanajulikana. Banda liwe mbali na mahali pa kuswalia, na vyombo vyake viwe vyake. Ukiyapanga haya mapema, hutagombana na jirani baadaye.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, atajwe mtu. Usiseme tutamwangalia sote. Msafara mzima wa Livingstone ulikuwepo pale bwawani, na kwa kuwa wote walikuwepo, hakuna aliyembeba Chitane. Katika nyumba yako aseme mmoja: maji yake ni mimi, chanjo yake ni mimi. Akisafiri, amkabidhi mwingine kwa jina.

Nyumba isiyo na banda, isiyo na mtu aliyetajwa, isiyo na fedha ya chanjo, ni bwawa la maili moja kwa mtoto wa mbwa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujapiga simu Ulyankulu kumwambia shemeji, "Mtume," toka kwanza nje ukaangalie uwani kwako. Kama huoni mahali pake, mwambie shemeji asubiri. Mbwa yule yuko salama zaidi kwa mama yake.