Boi Mwenye Mvi

Nimekwama ukurasa wa 31. Riwaya yangu, ile ambayo mama anaiita "makaratasi yako", ina mpishi katika nyumba ya Mzungu mjini Tanga, mwaka 1938. Mpishi ana miaka hamsini na ushei, kichwa kimejaa mvi, na wajukuu humwamkia shikamoo kila asubuhi. Sasa mke wa bwana anataka chai. Atamwitaje? "Boi!" Nikaandika, nikafuta. Nikaweka "mtumishi", sentensi ikapoa kama uji wa jana.

Basi nikaanza kulichimba neno lenyewe. Ndugu msomaji, usidhani lilitoka Uingereza likiwa na maana safi ya mtoto, kisha walowezi wakaliharibu njiani. Hapana. Katika Kiingereza cha kale, karne ya 13 na ya 14, liliwahi kumtaja mtumishi mwanamume na mtu wa hali ya chini, kabla halijazoeleka kuwa mtoto wa kiume. Lina mwenzake, knave: huyo alianza mtoto, akawa mtumishi, akaishia kuwa mlaghai! Wajerumani wana neno la ukoo huohuo, Knabe, na kwao limebaki mtoto tu.

Kwa hiyo utoto na utumishi ni majirani wa siku nyingi. Katika makoloni likaongezeka jambo la rangi: mtu mweusi hakuruhusiwa kukua. Unaingia jikoni kijana, unatoka na mkongojo, bado boi. Hata Wafaransa, wenye lugha yao, walilibeba hivyohivyo. Ferdinand Oyono wa Kameruni alipotoa riwaya yake kuhusu mtumishi wa nyumbani mwaka 1956, aliiita Une vie de boy, na msomaji wa Paris hakuhitaji kufafanuliwa.

Lakini nasi tusijifanye malaika. Pwani yetu ilikuwa na maneno yake ya kumshusha mtu kabla ya huyo boi kufika. Mtwana, mjakazi, mshenzi wa bara, yote yalikuwapo. Na mtumwa je? Ni mtu anayetumwa. Mtume naye katumwa. Kitenzi ni kilekile, ila mmoja anaheshimiwa na mwingine alipigwa mnada. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Sheria ziliandikwa, sawa, ila midomo ya watu haina hakimu.

Huko Fumba, Unguja, mnamo 1880, alizaliwa mtoto wa kike katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Akapewa jina: Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo ukiwa umebeba vyungu kichwani, unavitembeza mjini kuuza. Ndiyo kazi aliyoifanya. Baadaye akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Wakati huo alikuwa Siti binti Saad, na siti ni bibi wa heshima. Lile jina la kwanza leo wanalijua zaidi wanaosoma habari za maisha yake, alizoziandika Shaaban Robert. Mimi namwonea wivu mwanamke huyu. Alilivua neno kama nguo chakavu.

Wengine hawakupata nafasi hiyo. Boi alihama tu nyumba: uhuru ulipokuja akaingia kwetu akaitwa hausiboi, na dada yake hausigeli. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, nao unawataja wafanyakazi wa majumbani. Neno refu, lakini halina utoto ndani yake.

Nyumbani kwetu alikuwepo mmoja, jamani, mkubwa kuliko mama. Sisi watoto tulimtuma dukani, tulimtuma maji, na shikamoo hatukumpa. Wageni wakiuliza huyu nani, tunajibu, "Hausigeli." Jina lake nililisikia siku anaondoka, konda alipouliza mwenye kapu lile ni nani, naye akajitaja.

Basi, ukurasa wa 31 nimeuandika upya. Mke wa bwana bado anapiga kelele "Boi!", maana ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kumsafisha. Ila mpishi nimempa jina. Ni Mzee Salehe. Mke wa bwana halijui.